Wanafunzi wakiwa mbali: WhatsApp, Zoom, Google Classroom, au redio na karatasi?

Machi 2020 shule za Tanzania zilipofungwa, niliacha ubaoni swali la hesabu ambalo darasa langu la Kidato cha Pili halijalimaliza. Kidato cha Sita walirudi tarehe 1 Juni, wangu wakarudi 29 Juni. Vumbi lilikuwa limeshakaa juu ya chaki, na swali bado lilikuwa pale. Kenya walikaa nyumbani zaidi: baadhi ya madarasa yalirudi Oktoba, wengine wote Januari 2021. Uganda ndiyo iliyoumia kuliko wote, shule zake hazikufunguka kikamilifu hadi Januari 2022.

Wapo wanaosema hayo yamepita. Hayajapita. Mwaka 2024 mafuriko yalisogeza ufunguzi wa muhula wa pili Kenya kutoka mwisho wa Aprili hadi 13 Mei. Na hata pasipo janga, kila mwalimu ana wanafunzi walio mbali: binti aliyejifungua na anajiandaa kwa mtihani akiwa nyumbani, mtahiniwa wa kujitegemea anayeshinda dukani, mtoto aliyelazwa wiki sita, darasa zima lililo likizo huku upimaji wa taifa ukikaribia. Swali ninaloulizwa na walimu wenzangu ni lilelile: nitumie njia ipi?

Nimeweka njia nne hapa chini na kuzipima kwa vigezo vilevile. Kabla ya njia, vigezo.

Tunapima nini

Cha kwanza, na ninakipa uzito kuliko vingine: majibu ya mwanafunzi yanakurudiaje? Kutuma somo si kazi. Mwalimu hujua amefundisha anapoliona daftari, anapoona mtoto amejumlisha pale alipotakiwa kutoa. Njia isiyorudisha daftari kwako ni tangazo tu.

Wazee wetu walilijua hili. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa redio, ikawafikia watu wazima wapatao milioni 2. Redio haikuachwa ifanye kazi peke yake. Palikuwa na kikundi kilichokaa pamoja kusikiliza, kiongozi aliyepewa mafunzo, na kitabu mkononi. Kipindi kikiisha, kikundi kilijadili na kuamua, na baada ya hapo vyoo vikachimbwa. Redio ilisema, watu wakajibu. Sijaona programu ya simu iliyoipita kanuni hiyo.

Cha pili ni kifaa na bando: simu ni ya nani, iko nyumbani saa ngapi, na nani analipia. Cha tatu ni muda wako wewe mwalimu, maana njia itakayokuchosha wiki ya pili utaiacha wiki ya tatu. Cha nne ni usalama wa mtoto na siri zake.

Jambo moja la kufanya kabla ya kuchagua chochote: waulize wanafunzi kwa karatasi, wasinyooshe mikono. Mtoto ambaye kwao hakuna simu hatanyoosha mkono mbele ya wenzake, na asiyenyoosha mkono hutamwona. Wape kipande cha karatasi waandike simu ni ya nani, huwa nyumbani kuanzia saa ngapi, inaingia intaneti au ni kitochi, inachajiwa wapi, na kama kuna redio. Nilipofanya hivyo darasani kwangu, wengi waliandika kwamba simu janja ipo. Waliokuwa nayo mchana walihesabika kwa vidole. Simu inaondoka na mama kwenda sokoni alfajiri na kurudi saa moja usiku. Karatasi hizo zilibadilisha ratiba yangu yote.

1. Kundi la WhatsApp

*Majibu yanarudije.* Kwa picha ya daftari. Nitaeleza picha yenyewe ilivyo, maana hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa. Inaingia saa mbili usiku, imepigwa chini ya taa ya sola, kivuli cha mkono kimefunika swali la tatu, na ukurasa umepinda hivi kwamba namba za pembeni hazisomeki. Huwezi kusahihisha kivuli. Baada ya wiki mbili za kukodoa macho niliwapa utaratibu: piga picha asubuhi, nje, daftari liwe chini na mgongo wako ukilielekea jua bila kulikinga, ukurasa mmoja picha moja, jina na namba ya swali juu kabisa. Kama mama anaondoka alfajiri, piga ya jioni karibu na taa, simu iwe juu ya daftari moja kwa moja. Tangu hapo nikawa naizungushia duara jekundu sehemu yenye kosa kwenye picha hiyohiyo na kuirudisha. Mtoto anaona kosa lake mahali lilipo.

*Kifaa na bando.* Hapa ndipo WhatsApp inapowashinda wenzake wa mtandaoni. Ujumbe wa sauti wa dakika 5 unakula takriban MB 1 tu, na familia nyingi tayari hununua bando kwa ajili ya WhatsApp. Somo linasubiri: mama akirudi saa moja, sauti na picha ziko palepale. Rekodi fupi fupi, dakika 3, wazo moja kila moja, na uzipe namba: Somo 4 sauti ya 1, Somo 4 sauti ya 2. Video ziache, au punguza sana. Mzazi akikuta video tatu zimekula bando la wiki, atatoka kwenye kundi na mtoto atakuwa ametoka naye.

*Muda wa mwalimu.* Mkubwa. Picha 45 kwa dakika 3 kila moja ni saa 2 na robo, kwa mkondo mmoja, kwa zoezi moja. Na kundi halilali. Siku ya kwanza somo langu lilizama chini ya shikamoo zaidi ya arobaini, moja moja, na kila aliyefungua simu ilibidi apande juu mpaka achoke kulitafuta. Sikutaka kuwakataza watoto kuniamkia, ni adabu njema. Nilifungua makundi mawili. La somo nikalifunga kwenye mipangilio ili waandike maadmini peke yao. La maswali likabaki wazi kwa salamu na mazungumzo, na nikatangaza kuwa nalijibu saa mbili hadi saa tatu usiku tu.

*Usalama.* Kila aliye kwenye kundi anaona namba za wenzake wote. Mabinti wa miaka 15 na baba za watu wasiojuana wako kwenye orodha moja, na mwalimu ndiye aliyewakusanya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, lakini hata pasipo sheria hili linapaswa kutukosesha usingizi. Kama kazi yako ni kutuma na kupokea tu, orodha ya matangazo ni salama zaidi kuliko kundi: kila mzazi anaupata ujumbe kama wake peke yake, mradi ameihifadhi namba yako kwenye simu yake. Mwanafunzi akiandika, aandike kupitia simu ya mzazi na mzazi ajue. Mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi wawili peke yao usiku yasiwepo, hata yakiwa ya hesabu.

*Inamfaa nani.* Mwalimu wa mkondo mmoja au miwili, ambaye familia nyingi za wanafunzi wake zina simu janja walau jioni.

2. Kipindi cha moja kwa moja: Zoom au Google Meet

*Majibu yanarudije.* Papo hapo, na hakuna njia nyingine inayofikia hapa. Unauliza, anajibu, unasikia sauti yake ikisita kwenye neno gumu. Lakini hili ni kweli kwa watoto kumi. Kwa watoto hamsini wenye maiki zilizozimwa unafundisha majina yaliyoandikwa kwenye kioo. Waambie waandike jibu daftarini kwa herufi kubwa na waliinue mbele ya kamera wote kwa pamoja. Sekunde kumi tu na utajua nani yuko nawe.

*Kifaa na bando.* Hapa pana mlima. Saa moja ya video ya kundi inaweza kula GB 1 au zaidi. Tukadirie GB 1: vipindi vinne vya dakika 40 kwa wiki ni zaidi ya GB 2.5, kwa somo moja. Zidisha kwa masomo saba uone kama kuna mzazi wa kipato cha kawaida atakayelipa. Kuzima kamera kunapunguza sana, ila kunaondoa sababu mojawapo ya kuwa pale. Zoom ya bure inakata baada ya dakika 40, ambazo kwa bahati ni kipindi kimoja cha sekondari Tanzania. Google Meet ya bure inakupa dakika 60 kwa kundi. Na yote yanategemea mtandao usiyumbe. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Afrika Mashariki ikadhoofika vibaya. Siku kama hizo ujumbe wa sauti unachelewa kidogo na kufika. Kipindi cha moja kwa moja kinakufa.

*Muda wa mwalimu.* Mdogo kuliko unavyodhani. Kipindi kikiisha kimeisha, mazoezi umeyasahihisha kwa mdomo. Maandalizi ndiyo yanayodai, kwa kuwa ubao haupo: andika mifano kwa kalamu nene kwenye karatasi nyeupe mapema, uelekeze simu kwenye karatasi badala ya uso wako.

*Usalama.* Washa chumba cha kusubiri, usiweke linki kwenye kundi la wazi, usirekodi nyuso za watoto bila idhini ya wazazi. Kamera inaingia pia chumbani kwa mtoto, na wapo wasiotaka wenzao waone wanapolala. Kuzima kamera isiwe kosa.

*Inamfaa nani.* Shule za mijini zenye wazazi wenye Wi-Fi, madarasa madogo ya Kidato cha Tano na Sita, na somo lolote la kuzungumza. Inawafaa mno pia wanaofundisha Kiswahili watoto wa familia zetu walioko Ulaya. Ukianza saa 12 jioni kwa saa za Dar es Salaam, London ni saa 9 au saa 10 alasiri kulingana na majira, na mtoto anakuwa ameshatoka au anakaribia kutoka shule.

3. Darasa la mtandaoni: Google Classroom na mifumo inayofanana nayo

*Majibu yanarudije.* Kwa mpangilio mzuri kuliko njia zote. Kila kazi ina mahali pake, unaona nani amewasilisha na nani bado, na alama zinabaki kwenye orodha. Maswali ya kuchagua ukiyaweka kwenye Google Forms yanajisahihisha yenyewe. Insha na hatua za hesabu utasahihisha mwenyewe, kwa picha zilezile.

*Kifaa na bando.* Bando ni la wastani. Kikwazo hasa ni akaunti. Mwanafunzi anahitaji barua pepe na nywila, na simu aliyoshika ni ya baba yenye akaunti ya baba. Wiki ya kwanza utaitumia kufungua akaunti na ya pili kurudisha nywila zilizosahauliwa. Ukitaka kuifuata njia hii, fungua akaunti hizo shuleni, watoto wakiwa mbele yako, na kila mmoja aandike nywila nyuma ya daftari.

*Muda wa mwalimu.* Unatumia mwingi mwanzoni, unaupata baadaye. Mwalimu wa mikondo mitano atashukuru mwezi wa pili. Mwenye mkondo mmoja wa wanafunzi 30 huenda asione faida.

*Usalama.* Mzuri. Namba za simu hazionekani na mazungumzo yanabaki ndani ya darasa. Kwa walio chini ya miaka 13 akaunti ziwe za shule, chini ya usimamizi wa shule.

*Inamfaa nani.* Shule inayoamua kwa pamoja. Mwalimu mmoja akiwa na Classroom, mwingine Moodle na wa tatu Telegram, anayebeba mzigo ni mwanafunzi. Kama shule ina kompyuta ila haina intaneti, tazameni Kolibri: masomo yanawekwa kwenye kompyuta moja, na simu au tableti zilizo karibu zinayasoma bila bando.

4. Redio na bahasha ya karatasi

Njia hii hudharauliwa kwa sababu haina kioo cha kugusa. Mimi siidharau.

*Kifaa na bando.* Redio ya betri, au kitochi chenye redio ndani. Mwaka 2020 Kenya ilirusha masomo ya KICD, taasisi yake ya kukuza mitaala, kupitia redio ya taifa KBC, na Tanzania pia masomo yalisikika redioni na kuonekana kwenye televisheni. Zanzibar ilikuwa na uzoefu wa miaka kabla ya hapo kupitia Tucheze Tujifunze, masomo ya redio kwa watoto wadogo, na Ubongo Kids, katuni za kufundishia watoto, wako kwenye televisheni tangu 2014. Uganda serikali ilichapa masomo ya kujisomea nyumbani. Gharama inakuja upande wa kopi: karatasi 4 kwa wanafunzi 45 ni karatasi 180 kwa wiki. Andika pande zote mbili, maswali machache, na acha nafasi ya majibu kwenye karatasi yenyewe ili irudi ikiwa imeandikwa.

*Majibu yanarudije.* Redio haisikii, na hapa ndipo bahasha inapofanya kazi yake. Nilinunua bahasha za kaki, nikaandika jina la mtoto juu ya kila moja, na mwenye duka mmoja kijijini akakubali kuweka boksi nyuma ya kaunta. Jumatatu bahasha zinaenda, Jumatatu ijayo zinarudi, na kila kazi mpya inaenda pamoja na ile iliyotangulia ikiwa imesahihishwa. Bahasha moja ilirudi ikinuka mafuta ya taa, pembe moja imelowa na wino umesambaa. Maswali yote 10 yalikuwa yamejibiwa. Mtoto yule kwenye kundi la WhatsApp asingekuwepo kabisa, na mimi ningeandika kwamba haonyeshi bidii.

Udhaifu wake ni kuchelewa. Kosa la Jumanne linasahihishwa baada ya siku kumi, na mtoto ameshalirudia mara kadhaa. Nilipunguza tatizo kwa kuweka jibu la swali la kwanza, na hatua zake zote, nyuma ya karatasi.

*Muda wa mwalimu.* Siku moja ya kuandaa, siku moja ya kusahihisha. Jioni zako zinabaki zako. Ila ratiba ya redio huipangi wewe, na mada ya redio inaweza kuwa mbele au nyuma ya azimio lako la kazi. Kama havilingani, fuata azimio lako na uitumie redio kama marudio.

*Usalama.* Hakuna namba wala picha inayosambaa. Angalia tu kwamba mtoto hatumwi peke yake jioni kwenda kuchukua bahasha, na alama zisiandikwe juu mahali kila mteja wa duka atazisoma.

*Inamfaa nani.* Vijiji visivyo na mtandao wa uhakika, madarasa ya chini, na kila darasa ambalo theluthi yake haina simu.

Uanzie wapi

Kama karatasi zako za uchunguzi zinaonyesha karibu wote wana simu janja jioni, anza na WhatsApp na upange ratiba ya usiku. Nusu kwa nusu ndiyo hali ya shule nyingi za kata, nayo inahitaji njia mbili zenye somo moja: andaa karatasi kwanza, kisha uipige picha na kuituma kwa wenye simu. Ukianza na simu halafu utafute karatasi kwa waliobaki, waliobaki watapata mabaki.

Kama una mikondo mingi na uongozi unakuunga mkono, tumieni mfumo wa darasa la mtandaoni, lakini uanze wakati shule ziko wazi. Wakati wa mafuriko si wakati wa kufundisha mtoto nywila. Kama una wanafunzi kumi wa mtihani na wazazi wanamudu bando, kipindi kimoja cha moja kwa moja kwa wiki kwa ajili ya maswali magumu, na kazi nyingine zote kwa WhatsApp, kitawapa zaidi kuliko vipindi vinne vya kuhutubia.

Kwa darasa la kwanza na la pili, mtandao wowote ni wa mzazi kabla ya kuwa wa mtoto. Mtumie mama maelekezo ya sauti kwa lugha ya nyumbani: mama Asha, leo mhesabishe vijiko, mwongezee viwili, muulize vimekuwa vingapi. Ataweza, hata kama hakumaliza shule.

Na kwa yule binti mwenye mtoto mchanga: tangu Novemba 2021 Tanzania inamruhusu kurudi shuleni, na vituo vya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima vipo kwa asiyeweza kurudi kwenye mfumo wa kawaida. Ukimsaidia ukiwa mbali, usimpangie saa. Saa yake ni pale mtoto anapolala. Mtumie sauti tatu na maswali mawili, umwache ajibu usiku wa manane akitaka, nawe umsahihishie asubuhi kabla hujaenda paredi.